Mabaki ya Mkia

(Mazungumzo kwa wanachama kwenye mkutano wa mwaka wa waliosoma shuleni hapa)



Katibu wetu aliponipigia simu aliniomba nizungumze juu ya mtumishi wa umma na wajibu wake kwa taifa. Mada hiyo ni nzuri, na hotuba yake ninayo tayari kabatini, maana nimekwisha kuitoa mara tatu mahali mbalimbali. Nikamwambia kwamba safari hii ningependa kuzungumza juu ya ugonjwa nilioupata nyuma ya puru. Simu ilinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama nimekumbuka kwamba wake wa wanachama nao watakuwamo ukumbini. Nikamjibu kuwa ningefurahi sana wakiwamo, kwa sababu ugonjwa wenyewe huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Namshukuru kwa kunikubalia, na naona wamefika.

Kwanza niseme jambo moja kuhusu hilo neno puru. Puru ni ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kabla ya tundu la haja kubwa. Neno hili limo katika kamusi na halina matusi ndani yake. Nimelitafuta kwa makusudi, kwa sababu kwa miaka sita niliugua mahali ambapo sikuwa na jina lake la kumtajia daktari bila kuona haya. Nilikuwa nikisema "mgongo". Madaktari nao, kama ilivyo haki yao, wakawa wanatibu mgongo.

Wengi wenu hapa hamlijui jina langu la daftarini. Mnanijua kwa jina la Mkia. Vijana waliokuja baada yetu labda wamekuwa wakijiuliza jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka kwenye maabara ya baiolojia, lile jengo lililo ng'ambo ya bwalo, mwaka 1995 tulipokuwa Kidato cha Tatu. Mwalimu wetu wa baiolojia, ambaye nashukuru kumwona amekaa pale mstari wa pili, alichora ubaoni kiumbe aliyejikunja mfano wa kamba wa baharini, ana kichwa kikubwa, hana uso, na nyuma ana mkia uliochongoka. Akauliza, "Huyu ni nani?" Wengine wakasema samaki, wengine kiluwiluwi. Akasema, "Ni wewe, ukiwa na wiki tano tumboni mwa mama yako. Na huu ni mkia wako."

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi niliyecheka kuliko wote nilinyoosha mkono nikauliza, "Mwalimu, sasa huo mkia ulikwenda wapi?" Akanitazama akajibu, "Uliyeyuka. Kaa chini." Kuanzia siku ile mpaka tunafanya mtihani wa Kidato cha Nne, kila nilipoingia bwaloni na sahani yangu, mtu aliuliza kama umeyeyuka kweli.

Ndugu Mwenyekiti, haukuyeyuka wote.

Jambo ambalo mwalimu hakutueleza, wala halikuwamo katika muhtasari wa masomo, ni kwamba ndani ya mkia ule mdogo huingia kipande cha utumbo. Utumbo wa kiinitete hupita mahali ambapo baadaye patakuwa tundu la haja kubwa, ukaendelea kidogo hadi ndani ya mkia. Wataalamu huita kipande hicho utumbo wa mkia. Kwa kawaida, kufikia mwisho wa wiki ya nane ya mimba, mkia na utumbo wake huwa vimekwisha kutoweka. Lakini mara chache sana kipande husalia. Kipande hicho hakina kazi, wala hakina mlango wa kutolea chochote. Walakini seli zake ni za utumbo, na seli za utumbo hutoa ute. Ute ukikosa pa kwenda hujikusanya, na kidogo kidogo kifuko hujengeka, aghalabu chenye vyumba vyumba kama chungwa lililokatwa. Mtu huzaliwa na asili yake, akasoma, akaoa, akapandishwa cheo, nacho kimo tu.

Mahali kinapokaa ndipo penye taabu. Ukipapasa mwisho kabisa wa uti wa mgongo utagusa kifupa kidogo kilichochongoka. Hicho ndicho kifandugu. Juu yake upo ule mfupa mpana unaoshika nyonga mbili. Mbele ya mifupa hiyo kuna nafasi nyembamba, halafu ndipo ilipo puru. Nafasi hiyo kwa kawaida haina kitu ila mafuta, mishipa midogo ya damu, na mishipa ya fahamu inayopita kwenda kwenye kibofu, kwenye misuli ishikayo choo, na kwenye sehemu za siri. Kifuko kikikaa humo hakionekani kwa nje, na kinaweza kukaa miaka arobaini bila kumsumbua mwenyewe. Kikianza kuwa kikubwa husukuma puru mbele, na mtu akapata choo kwa shida, au akaumia akikaa. Kikiingiwa na vijidudu huwa na usaha, na usaha hutafuta njia ya kutoka karibu na tundu la haja kubwa, na hapo ndipo watu wote wanaposema ni jipu.

Zipo aina nyingine za vifuko vya kuzaliwa navyo mahali hapo hapo. Kimoja huitwa demoidi, ambacho ndani yake huweza kukutwa nywele na mafuta ya ngozi. Kwa watoto wachanga kuna teratoma ya kifandugu, uvimbe ambao mara nyingi huonekana kwa macho siku ya kuzaliwa, na mabinti huupata zaidi kuliko wavulana. Sitaki kuyachanganya hayo na langu, ila mkunga yeyote aliyepo hapa ajue kwamba uvimbe ule haungojwi. Huondolewa mapema, na kifandugu huondolewa pamoja nao, kwani kikiachwa uvimbe hupenda kurudi.

Sasa nije kwangu mimi.

Maumivu yalianza mwaka 2013, nikiwa ofisi ya mkoa ambayo sitaitaja. Kazi yangu ni ya kukaa: mafaili, vikao, bajeti, vikao tena. Nilikuwa nikianza kikao cha saa mbili asubuhi vizuri, lakini kufikia saa nne nimeegemea ubavu mmoja kama mtu anayetaka kumnong'oneza jirani yake. Nilinunua mto. Mto ule ukawa maarufu kuliko mimi. Mhudumu aliubeba kutoka chumba hadi chumba kabla sijafika. Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa wangu. Mmoja alisema ni bawasiri, akaniletea majani ya kukalia katika maji ya moto. Mzee mmoja wa kijijini kwetu alisema bila kusita kuwa hiyo ni ngiri, na kwa wanaume wa kwetu kila kinachouma baina ya kitovu na magoti ni ngiri. Nilikunywa mizizi ya ngiri miezi minne. Mizizi hiyo ni michungu sana, na haikunisaidia.

Mwaka 2015 likatokea jipu karibu na tundu la haja kubwa. Nilipasuliwa katika zahanati moja, usaha ukatoka, kidonda kikaoshwa na kujazwa gozi kwa wiki tatu, kikafunga. Mwaka 2016 likarudi mahali pale pale. Likapasuliwa tena. Mwaka 2018 likarudi mara ya tatu; safari hiyo niliambiwa ni fistula, yaani njia iliyojitoboa kutoka ndani ya utumbo hadi kwenye ngozi. Nikapasuliwa kwa nusukaputi ili njia hiyo itafutwe, na mpasuaji hakuona mwanzo wake. Aliandika kwamba hakuuona. Nimeusoma mstari huo mara nyingi baadaye. Kama fistula haina mlango ndani ya utumbo, basi ule usaha unatoka wapi? Swali hilo lilikuwa kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri tu, na mimi ambaye kazi yangu ni kusoma karatasi za watu wengine, niliikunja nikaitia kwenye bahasha.

Lakini nisiwalaumu wengine. Lile jipu la mwaka 2016 lilinikutanisha na tabibu mmoja, binti mdogo, labda alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alinisikiliza vizuri kuliko wote waliomtangulia. Kisha akavaa glovu, akaniambia nilale kwa ubavu wa kushoto, nikunje magoti, anipime kwa kidole. Nilikataa. Nilimwambia kwamba mimi ni mtu mzima na ni afisa wa Serikali. Naona baadhi yenu mnacheka, na mnacheka kwa sababu mngesema hivyo hivyo. Binti yule hakubishana. Aliandika kwenye cheti, "Mgonjwa hakuridhia kipimo." Basi kwa miaka mitatu iliyofuata ukuta wa puru yangu ulikuwa umetuna kwa kifuko chenye ukubwa wa yai la kuku, na jambo hilo lingejulikana kwa kipimo kisichozidi dakika moja.

Nawaambieni kidole kina uzito gani katika jambo hili. Katika hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani walikusanya habari za wagonjwa 120 waliokuwa na uvimbe wa nyuma ya puru, wa aina zote, waliowatibu baina ya mwaka 1960 na 1979. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1985. Karibu wote uvimbe wao ulipapaswa kwa kidole. Ni ugonjwa wa nadra kweli. Wenyewe walikadiria mgonjwa mmoja katika kila watu 40,000 waliolazwa. Kwa hiyo daktari wa wilaya anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu asimwone hata mmoja, na simlaumu asipoufikiria. Lakini kidole hakihitaji kuufikiria ugonjwa. Kinakuta tu kitu kilichopo.

Aliyekikuta kwangu alikuwa daktari mzee aliyebakiza miezi michache kustaafu. Ilikuwa Februari 2019, na jipu la nne lilikuwa limeanza kuvimba. Hakuniomba ridhaa kwa maneno mengi. Alisema, "Lala hivi, tazama ukutani," nami nikatazama ukutani, ambako palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Haikufika nusu dakika. Akavua glovu, akanawa mikono taratibu, akasema, "Hili si jipu. Ukuta wa puru uko salama na unateleza vizuri, ila nyuma yake kuna kitu laini, cha mviringo, kinasukuma." Kisha akanionyesha kwa kioo kidogo jambo jingine: nyuma ya tundu, katikati kabisa, nilikuwa na kishimo kidogo kama alama ya ncha ya penseli. Nilimpigia mama simu jioni ile. Akasema, "Hicho nilikiona siku ya kwanza nakuogesha. Bibi yako alisema ni alama tu." Sitaki mtu arudi nyumbani akaanze kuwakagua watoto kwa hofu, watu wengi wana vishimo vya namna hiyo na ni wazima kabisa. Lakini kishimo pamoja na jipu linalorudi mahali pamoja ni habari nyingine.

Nikapewa barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam. Kwa kuwa mimi ni mtumishi nina kadi ya Bima ya Taifa ya Afya, na kadi hiyo ilinifungulia milango ambayo si kila mtu hufunguliwa. Nitalirudia jambo hili. Nilipimwa kwa CT-scan, kisha kwa MRI, ile mashine itumiayo sumaku, ambayo ndiyo huonyesha vizuri zaidi mahali hapo. Mpasuaji aliniwekea picha kwenye taa. Kifuko kilikuwapo, chenye vyumba vyake, kimelala mbele ya kifandugu. Kisha akaweka kalamu yake mahali pamoja pembeni. Ukuta wa kifuko kote ulikuwa mwembamba kama karatasi, isipokuwa pale. Pale palikuwa na kinundu kigumu kinachoota kuelekea ndani. Akasema, "Maji si hoja. Kinundu hiki ndicho sikipendi."

Nikamwambia kama mtumishi yeyote wa Serikali ambavyo angesema: tuchukue kwanza kipande kipelekwe maabara, tupate ushahidi, kisha tuamue. Akakataa, na alichukua muda kunieleza sababu. Sindano ikipitishwa kwenye puru huingiza vijidudu ndani ya kifuko ambacho labda ni kisafi. Kama kinundu ni saratani, sindano yaweza kuzimwaga seli zake njiani. Tena ipo hali moja ya kuzaliwa nayo ambapo kinachoonekana kama kifuko mahali hapo kumbe ni sehemu ya ule mfuko wenye maji ya uti wa mgongo. Ukidunga huo, vijidudu vinaweza kupanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Alisema kwamba kwa uvimbe ambao lazima utolewe, na ambao unaweza kutolewa mzima, kuutoa mzima ndiko kuupima. Zipo hali, akasema, ambapo kipande huchukuliwa, hasa uvimbe ukiwa mkubwa usioweza kuondolewa, lakini hata hapo sindano haipiti kwenye puru.

Akanieleza na hatari zake. Ndugu zangu, hapa nitasema wazi kwa sababu najua ndilo swali mlilo nalo na hamtaliuliza. Mishipa ya fahamu inayoshika choo, mkojo na nguvu za kiume hupita jirani kabisa na mahali anapokata. Aliniambia anatarajia kuihifadhi, na kwamba hawezi kuapa. Mke wangu alikuwa amekaa karibu nami. Mimi niliyezoea kutia sahihi karatasi za watu wengine bila kuzisoma mara mbili, nilisoma fomu ile ya ridhaa mara nne, na sahihi niliyoiweka haikufanana na yangu. Mke wangu akasema, "Weka nyingine chini yake, hii wataikataa."

Nilipasuliwa Mei 2019. Vifuko vilivyo chini hufikiwa kwa nyuma, mtu akilazwa kifudifudi. Vilivyo juu zaidi hufikiwa kwa tumboni. Na vikubwa sana kwa njia zote mbili. Njia ya nyuma ni ya zamani. Mjerumani Paul Kraske aliieleza mwaka 1885 kwa ajili ya kuifikia puru yenyewe, na msingi wake ni kuondoa kifandugu ili mlango upatikane. Wakaondoa kifandugu changu pamoja na kifuko, bila kukipasua, na hapo ndipo penye ufundi, kwa sababu kikipasuka au kikibaki kipande, ugonjwa hurudi. Kwa hiyo mwalimu, sasa naweza kukujibu: mkia wangu umo ndani ya chupa katika maabara ya patholojia, mabaki yake yote, na kile kifupa cha mwisho juu yake.

Majibu yalichukua wiki mbili. Kifuko kilikuwa cha utumbo wa mkia. Kile kinundu kilikuwa uvimbe wa aina iitwayo nyuroendokrini. Nitaueleza kwa kifupi. Katika ukuta wa utumbo zimetawanyika seli ambazo kazi yake ni kutoa homoni, na baadhi yake, zikianza kuota ovyo, hufanya uvimbe unaokua polepole. Mwaka 1907 daktari mmoja wa Munich, Siegfried Oberndorfer, aliuita karsinoidi, kwa maana ya kitu kinachofanana na saratani. Yeye mwenyewe baadaye alikuja kukubali kwamba mwingine ni saratani kweli, unaoweza kufika kwenye ini au kwenye mifupa. Maabara huhesabu ni seli ngapi zinazogawanyika ili kujua ukali wake. Zangu zilikuwa chache, daraja la kwanza, na kingo za mahali palipokatwa zilikuwa safi. Sikuhitaji mionzi wala dawa za saratani. Nilipimwa kila miezi sita, sasa kila mwaka, na mpaka kipimo cha mwisho hakuna kilichorudi. Ilinichukua karibu mwaka kuweza kukaa bila mto. Choo na mkojo ni salama, na kuhusu lile jingine, mke wangu yupo hapa na hajatoka ukumbini.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba vifuko hivi ni vya amani. Wataalamu wawili wa Marekani, Hjermstad na Helwig, waliandika mwaka 1988 juu ya wagonjwa 53 wa vifuko vya utumbo wa mkia. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na aliyekutwa na saratani alikuwa mmoja tu. Taarifa zilizoandikwa baadaye zimeongeza wengine, wenye uvimbe kama wangu na wenye adenokasinoma, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo sababu wapasuaji wengi siku hizi hushauri kifuko kikijulikana kiondolewe hata kama hakiumi.

Nilisema nitalirudia jambo la kadi. Siku moja kabla sijalazwa nilikaa kwenye benchi la kliniki na mama mmoja muuza samaki kutoka pwani ya kusini. Tulizungumza kwa sababu sote wawili tulikuwa tumekalia ubavu. Alikuwa amepasuliwa jipu mara tano. Watoto wake wawili walizaliwa kwa upasuaji, kwa kuwa aliambiwa njia imeziba, na hakuna aliyeuliza imezibwa na nini. Kulipia vipimo vile ambavyo mimi nilipata kwa kuonyesha kadi, alikuwa ameuza friji lake la samaki, na bila friji hana biashara. Nilimweleza habari ya yule tabibu binti na jinsi nilivyokataa kidole mwaka 2016. Nilimweleza kama kichekesho, kama nilivyowaeleza ninyi. Hakucheka. Akasema, "Mimi, kaka, hakuna aliyewahi kuniambia nilale ubavu."

Chake kilikuwa adenokasinoma, nacho kilikuwa kimekwisha kuushika mfupa. Alipelekwa Ocean Road kwa mionzi. Tulikuwa tukipigiana simu. Aliniuliza habari za mto wangu, nami nikamwuliza bei ya changu. Mwaka 2021 aliyepokea simu alikuwa bintiye.

Ndugu Mwenyekiti, naona muda wangu umekwisha na chakula kimeiva. Harufu yake naisikia kama zamani, ila leo kuna nyama. Nina ombi moja la kiutendaji. Nimeangalia orodha ya waliojiandikisha leo, nikakuta tuna madaktari watatu, mmoja wao mpasuaji. Nimezungumza nao asubuhi. Wamekubali kukaa kwenye maabara ya baiolojia kuanzia saa nane mchana kumsikiliza mtu yeyote, mwanachama au mkewe, mwenye jipu linalorudi mahali pamoja, au maumivu ya kukaa yasiyokwisha, au choo kilichobadilika. Watakaohitaji kupimwa watapimwa huko huko. Glovu zipo, nimezinunua mwenyewe. Mkuu wa Shule ametuwekea kitanda cha kutoka zahanati ya wanafunzi na pazia. Mlango wa mbele unaonekana kutoka bwaloni, kwa hiyo wanaoona haya wapite mlango wa nyuma, upande wa mti wa mwembe. Ufunguo anao Katibu.